Sakafu Iliyokatazwa Maji

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2019, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, upepo wa kusini ulikuwa katika siku yake ya tatu hapo Eggboda, kijiji cha milimani. Kipimajoto cha mlangoni kwa Menga Zinsli kilisoma nyuzi kumi na nne, joto lililopita kiasi kwa asubuhi ya mwezi wa kumi kule. Mbingu ilikuwa safi hata milima ya ng'ambo ilionekana kana kwamba imesogea usiku, na juu ya ukingo wa kusini ukuta wa mawingu ulisimama palepale, haupandi wala haushuki. Menga alitoka zizini na ndoo mbili za maziwa, akamkuta jirani yake Luzi Gartmann amesimama katikati ya sakafu mpya ya zege, suruali kaichomeka ndani ya mabuti, akiiosha kwa mashine ya maji ya kasi.

Ndoo alizitua taratibu, kwa sababu maziwa hayakuwa na kosa. Kisha akapiga ukelele.

"Zima! Luzi, zima hiyo mashine!"

Luzi hakusikia. Alimpungia mkono kwa furaha, akaendelea kuisukuma samadi ya jana kuelekea mferejini, maji yakiruka hadi ukutani. Menga alivuka uwanja kwa hatua ndefu, akachomoa waya kwenye soketi. Kimya kilichofuata kilijaa sauti ya maji yanayotiririka.

"Na wewe umeamkaje?" alisema Luzi, akifuta miwani.

"Unafanya nini hapa?"

"Swali gani hilo, jirani? Ng'ombe wangu jana jioni walipita hapa wakaacha zawadi zao. Wewe mwenyewe ulisema leo unaipaka sakafu dawa ya kuzuia maji. Nani anayepaka kitu juu ya uchafu? Mimi hata mlango wa banda la kuku siupaki rangi kabla sijauosha. Nimeanza tangu saa moja. Angalia kona ile, hata chakula unaweza kupakulia."

Menga aliiangalia kona ile. Aliiangalia sakafu nzima, kuanzia kizingiti cha zizi hadi birika la kunyweshea ng'ombe, nayo ilikuwa nyeusi kwa maji, inang'aa kama mgongo wa samaki. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukamua, alikuwa amepiga magoti pale na tochi kuangalia kipande cha nailoni alichokibandika juu ya zege karibu na birika tangu jana, pembe zote nne zimezibwa kwa gundi. Zege lenye unyevu tumboni hutoa jasho chini ya nailoni. Hapakuwa na jasho. Kwa mara ya kwanza tangu sakafu ile imwagwe mwishoni mwa Julai, hapakuwa na hata tone. Sasa kipande chenyewe kilikuwa kimenasa kwenye tundu la mfereji pamoja na majani.

"Samadi ilikuwa imekauka," alisema polepole. "Ningeikwangua kwa koleo, nikafagia, nikamaliza. Dawa hii hunywewa na zege, Luzi. Zege lililoshiba maji halinywi."

"Zege ni jiwe. Tangu lini jiwe likashiba?"

"Tangu saa moja leo asubuhi."

Luzi alicheka, kisha akaona kwamba Menga hacheki, akaacha.

Mtu asiyewajua wawili hawa angeshangaa kwa nini mwanamume wa miaka sitini na saba, mwenye goti lililopasuliwa, aamke Jumamosi kwenda kuosha uwanja wa mtu mwingine. Pale Eggboda jibu lilikuwa wazi kwa kila nyumba. Watu wa kule hawalipani fedha kwa kazi ya mikono. Hulipana siku: ukinipa siku ya kukata majani, nitakupa siku ya kupasua kuni, na anayekaa na siku ya mwenzake hadi theluji ya kwanza hutazamwa kwa jicho la pembeni kanisani. Julai, Luzi akiwa kitandani na goti lake, Menga alilikata kwa fyekeo shamba la majani la Luzi la mteremkoni, lile ambalo hakuna mashine inayoweza kusimama juu yake, kuanzia umande wa asubuhi hadi mwanga ulipokwisha. Siku ile ilimkaa Luzi kooni. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha mambo, na msimu ulikuwa unaisha.

"Basi nilitaka kukulipa siku yako," alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Nije kabla hujaniita."

"Ungesubiri nikuite."

Hasira ya Menga haikuwa ya maji tu. Sakafu iliyokuwepo kabla ya hii ilimwagwa na marehemu mumewe, Hitsch, ambaye aliipaka vanishi inayong'aa siku moja kabla ya theluji, juu ya zege bichi, kwa sababu alikuwa na haraka na hakupenda kuambiwa. Ilipendeza kwa msimu mmoja wa baridi. Maji yaliyofungiwa ndani yaliganda, yakavimba, yakayeyuka, yakaganda tena, na mwaka baada ya mwaka sakafu ikabanduka magamba kama kidonda kinachokauka vibaya, chumvi ya kuyeyushia barafu ikimalizia kazi. Februari iliyopita ng'ombe wake bora aliteleza kwenye shimo lililojaa barafu akavunjika mguu wa nyuma. Mchinjaji alikuja siku hiyohiyo. Jioni ile, mezani, Menga na mama mkwe wake Nesa, mwenye nusu ya ng'ombe wote, walikubaliana jambo moja: itamwagwa sakafu mpya, na ikibanduka hii nayo, ng'ombe watauzwa na zizi litafungwa. Nesa alisema hayo bila kulia. Menga aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo kila mvua ya Septemba ilimwangukia yeye binafsi.

Na mawingu ya kusini hayatasimama pale milele. Redio ilikuwa imesema upepo utakufa jioni, na baada yake theluji hadi chini bondeni.

"Lete taulo," alimwambia Luzi.

"Taulo?"

"Taulo, mashuka, magunia, chochote kinachokunywa maji. Na uje na ufagio wako wa mpira. Siku ni ndefu."

Kusema haki, Luzi hakubisha. Walisukuma maji kwa mifagio ya mpira hadi mferejini, wakafuata kwa magunia, kisha kwa mashuka ya zamani ya Nesa yenye herufi za jina lake zilizotariziwa pembeni. Menga aliwasha feni kubwa ya ghalani, ile ya kukaushia majani ya ng'ombe, akaunga bomba lake la turubai na kulielekeza nje. Hewa ya moto yenye harufu ya kiangazi ikaanza kufagia sakafu. Taratibu, weusi ukageuka kijivu, na kijivu kikaanza kufifia pembezoni.

Saa tano, maji yalianza kudondoka kutoka juu, tone baada ya tone, kwa mstari ulionyooka.

"Mama!" Menga alipaza sauti. "Mama, acha!"

Kichwa cheupe cha Nesa kilichungulia kutoka roshani, nyuma ya safu ya maua mekundu yanayoning'inia. Mkononi alikuwa na kopo la kumwagilia.

"Niache nini?"

"Maji! Yanadondokea zegeni!"

"Na maua yangu yafe? Upepo huu umeyakausha kama tumbaku. Nimeyamwagilia kila siku tangu Mei, sitayanyima leo kwa ajili ya sakafu."

"Leo tu, Mama. Nakuomba."

"Hitsch angeweka kibanda juu yake," alisema Nesa, akaondoka na kopo lake.

Luzi aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Cheka," alisema Menga. "Cheka, halafu ufute hapo."

Mchana walikula wamesimama, mkate na jibini na soseji iliyokaushwa, kwa sababu Menga hakutaka kuingia ndani. Luzi alitafuna huku akiitazama sakafu, na wazo lilipomjia alilisema mdomo ukiwa bado umejaa.

"Nina lile bomba la gesi la kuchomea magugu. Nipite nalo hapa mara moja. Dakika ishirini, pamekauka."

"Na juu papasuke kama chapati iliyoungua? Hapana."

"Moto mdogo."

"Luzi, moto mdogo ni wa sigara."

"Wewe ni mgumu kuliko zege lako, unajua?"

"Zege langu leo ni laini. Nani kalilainisha?"

Luzi alikwenda kusogeza bomba la feni.

Saa kumi jioni sakafu yote ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeupe kwa namna ya kumshawishi mtu, nyeupe kama unga, na mkono ukiipapasa ulirudi na vumbi. Menga alikuwa amebandika vipande vitatu vipya vya nailoni: mlangoni, katikati na karibu na birika. Alipiga magoti. Cha mlangoni kilikuwa na ukungu mwembamba. Cha katikati kilikuwa na ukungu mzito. Cha birikani kilikuwa na matone.

Luzi aliinama naye, mkono juu ya goti bovu.

"Mimi naona nyeupe," alisema.

"Nyeupe ni ngozi tu. Maji yako ndani."

"Menga, tazama kule." Alinyoosha kidole kusini. Ukuta wa mawingu ulikuwa umeanza kuvunjika na kumwagika juu ya ukingo. "Bado saa mbili au tatu. Mitungi yako iko hapo, pampu iko hapo. Imwage. Robo tatu itaingia, robo haitaingia. Robo tatu si kitu?"

Menga aligeuka kuelekea mlangoni. Mitungi ya dawa ilikuwa kando ya mlango na pampu ya kunyunyizia miti ya matunda ilikuwa imeoshwa na kufungwa vizuri. Ingetosha kusema ndiyo. Kazi ingeonekana imefanyika, Nesa angeridhika, na hakuna mtu kijijini ambaye angejua tofauti hadi Machi. Alimkumbuka Hitsch na brashi yake, anapiga mluzi jioni ya mwisho ya vuli, sakafu inameremeta nyuma yake.

"Sipaki," alisema.

"Basi utapoteza yote!"

"Nitapoteza, lakini sitaidanganya. Lete maturubai yako ya ghalani. Tunaijengea hema."

Walijenga hema. Walilaza ngazi mbili juu ya mapipa, wakaweka fito za uzio juu yake, wakatandaza maturubai ya Luzi na kuyafunga kwa kamba hadi kwenye pete za ukutani. Ilipofika saa ya ng'ombe wa Luzi kurudi kutoka malisho ya vuli, yeye mwenyewe alikwenda kuwazungusha kwa barabara ya juu, ingawa njia ya kupita uwanjani kwa Menga ilikuwa haki ya ukoo wake tangu babu zake. Ng'ombe hawakuielewa hiyo barabara ya juu. Sauti ya Luzi ilisikika mlima mzima, ikiwatukana kwa majina yao mmoja baada ya mwingine, na Menga, akifunga fundo la mwisho, alijikuta karibu anamhurumia.

Jua lilipozama upepo ulikufa ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Mvua ilianza, kisha ikawa theluji yenye maji. Chini ya hema bomba la feni lilinguruma, na hewa ndani yake ilikuwa ya joto.

Luzi alirudi amelowa, akasimama mlangoni pa hema. Hakuingia.

"Kuna jambo," alisema. "Kesho ni Jumapili."

"Najua."

"Feni."

Menga aligeuka kuelekea ghalani. Eggboda mashine hazipigi kelele Jumapili. Hakuna anayekata majani, hakuna anayepasua kuni, hata zulia halipigwi vumbi nje. Majani ya ng'ombe yaliyonyeshewa ndiyo pekee yaliyosamehewa, kwa kuwa yangeoza, na kwayo feni iliruhusiwa kunguruma hata wakati wa ibada. Kwa majani tu. Luzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akipita kuwakumbusha watu.

Kutoka jikoni, Nesa, ambaye masikio yake yalikuwa mazima alipotaka, alisema: "Wekeni mzigo wa majani humo ndani ya hema. Nani atakuja kupima yamekauka kiasi gani?"

Luzi alikohoa. Alitazama mabuti yake, kisha akamtazama Menga, na katika uso wa mzee wa kanisa palikuwa na kitu ambacho Menga hakuwahi kukiona pale, ombi.

"Nina robo mkokoteni wa majani ya mkato wa pili," alisema. "Kweli yana unyevunyevu. Si uongo kamili."

"Uongo nusu, basi."

"Menga, mimi ndiye niliyelowesha. Niache nilibebe hili."

"Ukilibeba wewe, feni ni yangu na sakafu ni yangu. Watu watapita kwenda kanisani, watasikia, watasema wana majani. Nami nitakaa kwenye benchi nikiwaacha waseme. Hapana, Luzi. Sikupaka juu ya maji, na sitakausha kwa majani ya kusingizia."

"Lakini hiyo sakafu ndiyo ng'ombe zenu!"

"Unadhani nimesahau?"

Menga alishusha pembe ya hema. Aliingia ghalani. Saa sita usiku alizima feni kwa mkono wake mwenyewe, akalala bila usingizi akisikiliza theluji ikiteleza kutoka kwenye turubai.

Jumapili ilipita kama adhabu. Theluji ilikuwa ya kufunika kiatu. Menga alikamua, akaenda kanisani, akaketi, akaimba. Alikula supu ya shayiri na Nesa. Mara nne alikwenda kuinua pembe ya hema, na kila mara baridi iliyotoka mle ilikuwa na unyevu zaidi. Kazi yote ya Jumamosi ilikuwa inarudi nyuma mbele ya macho yake, naye alikuwa amekunja mikono kwa hiari yake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko maji. Nesa alimtazama jioni, akasema tu, "Ukoo wenu mna shingo ngumu," akaenda kulala.

Jumatatu alfajiri, kabla Menga hajafika kwenye swichi ya feni, alimkuta Luzi keshafika. Alikuwa na kipasha joto cha mafuta alichokiazima, na koleo la theluji. Waliondoa theluji juu ya turubai, wakawasha vyote viwili, na kuanzia hapo hadi alasiri hewa ya moto ilizunguka chini ya hema kama ndani ya tanuri la mkate, huku Menga akitambaa na vipande vyake vya nailoni na Luzi akisogeza bomba alikoambiwa.

Saa nane mchana nailoni ya mlangoni ilikuwa kavu. Saa tisa, ya katikati. Ya birikani, mahali ambapo zege liko kivulini mwaka mzima na ardhi ya chini hutoa maji, ilikuwa bado na matone, na ilikuwa nayo tena saa kumi. Kipimajoto cha nje kilikuwa kinashuka. Usiku ule kungeganda. Hapakuwa na saa nyingine ya kungojea.

Menga alijaza pampu. Alinyunyiza kuanzia kizingiti, kwa mikupuo ya polepole, akirudi nyuma, dawa ikitanda na kupotea ndani ya zege kwa kiu iliyomfurahisha kinyume na matakwa yake. Kabla ya mkupuo wa kwanza kukauka alipita tena juu yake. Hatua chache kabla ya birika alisimama, akachora mstari kwa chaki, akaweka pampu chini.

"Na pale?" Luzi aliuliza.

"Pale hapana. Nitalaza mbao na majani makavu juu, ng'ombe wanyweshwe ndani, chumvi isifike. Mei, pakikauka, nitapamaliza."

"Pakibanduka kabla ya Mei?"

"Pakibanduka, Mama na mimi tulishasema itakuwaje."

Luzi alichukua kata ya maji, akachota maji kutoka birikani, akamtazama kwanza kuomba ruhusa. Kizingitini, ambako dawa ilikuwa imeshaingia, aliyamwaga kidogo. Maji yalijikusanya, yakawa shanga, yakabingirika juu ya zege hadi mferejini bila kuacha alama. Wote wawili waliyatazama mpaka shanga ya mwisho ikaanguka. Ilikuwa nzuri. Haikuwa nzima, lakini ilikuwa nzuri.

"Basi," alisema Luzi, akinyoosha mgongo. Alikuwa amechoka, goti limevimba, na uso wake ulikuwa na fahari ya mtu aliyefika mwisho wa safari. "Nadhani sasa tumelingana, jirani. Ulinipa siku moja, mimi nimekupa Jumamosi na leo, na turubai zangu, na ng'ombe wangu nimewapitisha milimani kama mbuzi. Sitadai ziada. Siku yako nimelipa."

Menga alikuwa akifungua mdomo wa pampu kuuosha. Alijua vizuri jibu ambalo lingekuwa rahisi. Theluji ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanguka, na mzee huyu angekwenda nyumbani na moyo mwepesi kwa neno moja. Aliutazama mstari wa chaki, na nyuma yake lile eneo jeusi la birikani, ambalo Jumamosi alfajiri halikuwa na jasho.

"Hapana," alisema. "Jumamosi asubuhi ulinipa sakafu yenye maji. Jumamosi mchana na leo umeniondolea maji yako mwenyewe, si yote. Hayo yamefutana, nami nakushukuru kwa jinsi ulivyofanya. Siku ya Julai sijalipwa."

Luzi aliiweka kata chini.

"Unaikataa?"

"Naikataa."

"Watu wataniona nina deni la mwanamke mjane, na theluji iko mlangoni!"

"Watakuona unalo, kwa sababu unalo. Njoo Mei, tuimalize kona hii pamoja, kutwa nzima, nami nitasema mbele ya yeyote kwamba umelipa."

"Na nisipokuja?"

"Utakuja. Lakini leo hujalipa, Luzi, nami sitasema umelipa."

Luzi alifungua mdomo kama anayetafuta neno la kanisani na kupata la zizini. Hakulitoa. Alikunja turubai zake moja baada ya nyingine, zikiwa bado zimelowa, akazifunga kamba, akazibeba begani na kuondoka kupitia barabara ya juu. Menga aliufunga mlango wa ghala. Siku ya Julai ilibaki kwa Luzi Gartmann, haijalipwa.